Robo Tatu ya Jino

Stempu ya senti 20 ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ile yenye korongo wa taji na sura ya Mfalme George wa Sita, ilitoka 1938 ikiwa na matundu 13¼ katika kila sentimita mbili za ukingo wake. Mwaka 1941 ikatoka tena, picha ileile na rangi zilezile nyeusi na chungwa, ila safari hii matundu ni 14. Baadaye vikaja vipimo vingine. Hiyo ya 14 haionekani sana, na wakusanyaji huilipia zaidi kuliko ndugu zake wa kawaida. Basi watu wenye wembe na kitobozi hawakukosekana.

Tofauti yenyewe ilizaliwa na vita. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, ndege za Ujerumani ziliteketeza sehemu za London, na kiwanda cha De La Rue cha Bunhill Row, kilichokuwa kikichapa stempu hizi, hakikusalimika. Kazi iliendelea kwa mashine nyingine, na mashine nyingine maana yake ni sindano zilizopangwa kwa nafasi nyingine.

Kipimo cha sentimita mbili tulikirithi kwa daktari Mfaransa, Jacques Amable Legrand, aliyekitangaza katika miaka ya 1860. Hesabu yake ni nyepesi. Gawa milimita 20 kwa 14: kutoka tundu hadi tundu ni milimita 1.43. Gawa kwa 13¼ upate 1.51. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na jicho tupu haliioni. Lakini ukifuata ukingo kwa sentimita mbili, hizo punje za milimita zinajumlika mpaka robo tatu ya jino zima.

Hesabu hiyo yaweza kufanywa hata mbali na wauza stempu. Nyakoe, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu, hakuna duka la stempu, wala sidhani litafunguliwa karibuni. Masanduku ya bati ya akina babu, hata hivyo, yapo, na barua za vijana waliokwenda kutafuta kazi Nairobi au kwenye mashamba ya chai ya Kericho hazikutupwa zote. Anayetaka kupima stempu zilizobandikwa humo atakimbilia saiba kuchapisha karatasi ya vipimo, na hapo pana mtego: printa nyingi hupunguza ukurasa ili utoshee. Ukipunguzwa hadi asilimia 97, stempu halali ya 14 itasomeka kama 13½ na ushei. Weka rula juu ya karatasi hiyo kwanza; sentimita mbili zikipungua, irudishe.

Sasa mghushi. Shida yake kubwa ni kwamba tundu halizibiki. Ili stempu ya 13¼ iwe ya 14, lazima akate meno yote ya zamani kisha atoboe mapya ndani zaidi, kwenye ule utepe mwembamba wa karatasi nyeupe unaozunguka picha. Kila upande unapoteza karibu nusu milimita, kwa hiyo upana wa stempu unapungua takriban milimita nzima. Ndiyo maana mjuzi hahesabu matundu kwanza. Huilaza stempu juu ya nyingine ya kweli, au siku hizi huzipiga skani zote mbili na kuzipandanisha kwenye kompyuta. Mimi ningemwamini zaidi mwenye rula kuliko mwenye maneno mengi.

Mghushi akipita hapo, zinabaki nyuzi. Stempu halisi huchanwa kutoka kwenye shiti lake, kwa hiyo ncha ya kila jino ina vinyweleo vya karatasi, kama kamba ya mgomba iliyokatika kwa kuvutwa. Jino lililotokana na wembe lina ncha bapa, safi mno. Ndani ya tundu pia pana habari: karatasi ya miaka ya 1940 imekwisha kugeuka rangi kwa hewa na mwanga, na tundu la juzi huonyesha ukingo mweupe kuliko majirani zake. Pembe nazo zitazamwe. Kuna mashine zinazotoboa pande tatu kwa pigo moja, na matundu yao hukutana vizuri kwenye pembe. Zile zinazotoboa mstari mmoja mmoja huacha pembe zinazogongana ovyo. Mghushi akichanganya tabia hizo mbili amejifunga mwenyewe.

Si kila kazi ya ulaghai iligusa meno. Jean de Sperati, mghushi mashuhuri aliyefariki 1957, alifuta kwa kemikali picha za stempu za bei rahisi akachapa za bei ghali juu ya karatasi ileile. Matundu yake yalikuwa halali kabisa, na wataalamu walijikwaa mara nyingi.

Tukirudi kwenye meno, anayekuta bahasha ya zamani asiiloweke majini ili kubandua stempu. Wino wa muhuri wa posta unaanzia juu ya korongo, unavuka meno, unaendelea kwenye bahasha. Stempu iliyokatwa upya na kurudishwa haifiki tena mahali muhuri ulipovukia: mstari wa wino unakatika, na bahasha inabaki na kipande cha duara kisicho na pa kuungana.