Kwa Nini Mtoto Afundishwe Muziki?

Ukitaka kujua shule inauonaje muziki, ingia darasani utazame wanafunzi wanafanya nini. Wanaimba, wanasikiliza, au wanapiga ala? Nyuma ya kila kazi kuna falsafa, na falsafa hizo zimebishana tangu Ugiriki ya kale.

Plato aliamini kwamba muziki humuingia mtoto kabla akili yake haijapevuka, ukamjenga tabia au ukamharibu. Kwa hiyo alitaka dola ichuje mipangilio ya sauti: ya Kidoria na Kifrigia ibaki, kwa kuwa inafunza ushujaa na kiasi, ya maombolezo na ulevi ipigwe marufuku. Mwanafunzi wake, Aristotle, alilegeza kamba. Aliukubali muziki pia kwa burudani na kwa kutuliza hisia. Vijana wajifunze kupiga ala ili wajue kupambanua muziki mzuri, lakini wasifikie ufundi wa wapigaji wa malipo, kazi aliyoiona duni.

Dharau hiyo ilidumu. Mwanzoni mwa karne ya 6, mwanafalsafa Mrumi Boethius aliuweka muziki kundi moja na hesabu, jiometri na elimu ya nyota. Kwake, mwanamuziki halisi ni anayeelewa uwiano wa namba ndani ya sauti. Mpigaji ni fundi tu. Vyuo vikuu vya Ulaya vikarithi mtazamo huo.

Karne nyingi baadaye swali likahamia kwenye shule za watoto wote. Mwaka 1838 jiji la Boston, Marekani, liliingiza muziki katika shule za umma, kwa juhudi za mwalimu wa muziki Lowell Mason. Utetezi wake ulikuwa wa manufaa: kuimba hunoa akili, hukuza maadili, huimarisha mwili. Mwaka 1970 mwanafalsafa wa elimu ya muziki, Bennett Reimer, alijenga hoja tofauti: muziki una thamani yake wenyewe, maana huelimisha hisia, hasa kwa kusikiliza kwa makini. Mwaka 1995 David Elliott, aliyewahi kufundishwa na Reimer, akampinga: muziki ni tendo la watu, na hufahamika kwa kutendwa. Aliyekulia kwenye ngoma, ambako mara nyingi mtazamaji huingia uwanjani, hatalishangaa wazo hilo.

Hoja ya manufaa huwashawishi upesi wanaopanga bajeti, lakini ina mtego. Siku itakapoonekana kwamba riadha inaimarisha mwili zaidi na hesabu inanoa akili zaidi, muziki utafutwa kwenye ratiba. Anayeutetea aanze na kile ambacho somo jingine haliwezi kumpa mtoto.