Utekelezaji wa Amri Zilizo Nje ya Njia ya Utafutaji katika Mfumo wa Unix

Makala haya yanafafanua namna mfumo wa Unix unavyoitafuta amri, na sababu ya amri iliyomo kwenye diski kuripotiwa kuwa haikupatikana. Mtumiaji anapoandika jina tupu la amri, ganda, yaani programu inayopokea maagizo yake, halipekui diski nzima. Hukagua amri zilizomo ndani yake lenyewe, kisha saraka zilizoorodheshwa katika PATH, moja baada ya nyingine, kama vile /usr/bin na /bin. Faili la kwanza lenye jina hilo na ruhusa ya kutekelezwa ndilo huendeshwa. Lisipopatikana, ganda hurudisha namba 127. Likipatikana bila ruhusa hiyo, hurudisha 126. Kwa hiyo, 127 haithibitishi kwamba programu haimo katika kompyuta; huonyesha tu kwamba haimo katika saraka zilizokaguliwa.

Jina likiwa na mkwaju, utafutaji huo haufanyiki, kwani mkwaju hulifanya jina kuwa anwani. Kwa mfano wa kijiografia, /Tanzania/Kagera/Bukoba/Kitendaguro huelekeza kwenye kata ileile popote alipo mwelekezwaji, ilhali kwa aliyeko Bukoba tayari, ./Kitendaguro hutosha. Vivyo hivyo, /opt/takwimu/bin/hesabu ni njia kamili inayoanzia kwenye mzizi, na ./hesabu huanzia katika saraka aliyomo mtumiaji, inayowakilishwa na nukta.

Swali la msingi ni kwa nini saraka hiyo ya sasa haimo katika PATH. Katika Toleo la 7 la Unix la mwaka 1979, lililoleta ganda la Stephen Bourne, ilikaguliwa kwanza. Hatari yake hudhihirika katika kompyuta inayotumiwa na wengi: mtumiaji yeyote anaweza kuweka katika /tmp faili la hila liitwalo ls; msimamizi mkuu akiingia humo na kuandika ls, faili hilo huendeshwa kwa mamlaka yake. Kuiweka saraka ya sasa mwishoni mwa orodha hupunguza hatari bila kuiondoa, kwa kuwa kosa la tahajia, kama vile sl, bado laweza kuviziwa.

Kutokana na hayo, programu inayotumiwa kwa nadra iitwe kwa anwani yake; saraka ya programu za kila siku iongezwe kwa njia kamili: PATH=$PATH:/opt/takwimu/bin. Nukta na mkwaju, vinavyoonekana kuwa usumbufu, ndivyo vinavyomlazimu mtumiaji kubainisha faili analokusudia kuliendesha.