Spana ya umeme: Usidanganywe na wepesi wake

UKIPITA katika gereji za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au karibu na vibanda vya kuziba pancha kando ya barabara zetu kuu, utasikia mlio mkali mithili ya mvua ya mawe ikipiga paa la mabati. Huo ni mlio wa spana ya umeme ikifungua nati za magurudumu. Kazi ambayo zamani ilimlazimu fundi kuikanyaga spana ndefu mpaka jasho likamtiririka, siku hizi huchukua sekunde chache tu.

Hilo ni jambo jema. Mgongo na mabega ya fundi yamepata nafuu. Hata hivyo, ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaotumia mashine hii, au una kijana anayejifunza umakanika, fahamu kuwa hatari yake kubwa ni kwamba mkono hauhisi nguvu zake.

Ndani ya mashine mna mota inayozungusha nyundo ndogo ya chuma. Nati inapokataa kuzunguka, nyundo hiyo hurudi nyuma kidogo, ikashika kasi, kisha ikakigonga ghafla chuma kinachobeba soketi, yaani kile kikombe kinachovalishwa nati. Hufanya hivyo makumi ya mara kwa kila sekunde. Kwa kuwa kila pigo ni la muda mfupi mno, nguvu karibu zote huishia kwenye nati na mkono wako hausokotwi. Unachohisi ni mtetemo tu. Ndipo wengi wanapoichukulia kama kitu cha kuchezea, kumbe inawadhuru polepole.

Chunga stima kwanza

Stima ya majumbani na gerejini hapa Kenya ni ya volti 240, na inatosha kabisa kumuua mtu. Mkondo mdogo sana wa miliampea 30 hivi, ukipita kifuani kwa muda, unaweza kuuvuruga mpigo wa moyo. Mikono iliyolowa maji au jasho huurahisishia umeme njia ya kuingia mwilini.

Kwa hivyo, kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, kagua waya kutoka kwenye plagi hadi kwenye mashine. Ukiona mahali palipochubuka au palipofungwa kwa utepe, usiitumie mpaka itengenezwe. Mashine zenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa zina kinga mbili za ndani na hazihitaji waya wa ardhini. Zisizo na alama hiyo ni lazima waya wa rangi ya kijani na manjano uunganishwe. Fyuzi ikikatika, usiweke kipande cha waya mahali pake. Mwombe fundi wa stima akuwekee pia kile kifaa kinachokata umeme papo hapo unapovuja. Gharama yake haifikii thamani ya maisha.

Ukitumia waya wa kurefusha, uwe mnene wa kutosha, na uukunjue wote. Waya uliobaki umeviringwa hupata joto na unaweza kuyeyuka. Usiupitishe kwenye dimbwi, chini ya gurudumu wala karibu na jeki. Vibanda vingi vya pancha hupakana na mahali pa kuosha magari. Maji yakirushwa upande wako au mvua ikianza, chomoa plagi na usubiri. Vilevile, ukinunua mashine iliyotumika kutoka ng'ambo, soma kibandiko chake. Za Marekani na Japani aghalabu ni za volti 100 hadi 120, na ukizichomeka moja kwa moja kwenye stima yetu zitaungua mikononi mwako.

Jambo jingine ni cheche. Mota za mashine hizi kwa kawaida hutoa cheche ndogo ndani yake. Usiitumie karibu na petroli iliyomwagika au tangi lililo wazi.

Macho na mikono

Makanika wengi huchukua soketi ya kawaida inayong'aa na kuivalisha mashine hii. Hilo ni kosa. Soketi inayong'aa imeundwa kwa spana ya mkono; ni ngumu lakini haistahimili kugongwagongwa, na inaweza kupasuka vipande vikaruka kama risasi. Soketi za mashine huwa nyeusi na kuta zake ni nene. Tumia hizo, na uhakikishe zimeshikiliwa kwa pini au pete yake ili zisichomoke.

Kutu na vipande vya chuma huruka hata kazi ikienda vizuri, kwa hiyo vaa miwani ya kujikinga inayofunika na pembeni. Miwani ya jua haitoshi. Vua pete, saa na mkufu. Kunja mikono mirefu ya shati. Na kama una nywele ndefu au umevaa leso, zifunge zisining'inie. Glavu zikubane vyema, kwa maana zilizolegea hunaswa na soketi inayozunguka. Chomoa plagi kila unapobadilisha soketi. Usiibebe mashine kwa kuning'iniza waya wake, wala usitembee nayo kidole kikiwa kwenye kitufe cha kuwashia.

Na gari likiwa limeinuliwa, lisitegemee jeki peke yake. Weka stendi imara, na uyazuie kwa mawe au vipande vya mbao magurudumu yaliyobaki chini.

Masikio hayana spea

Spana nyingi za umeme zikiwa kazini hutoa kelele ya karibu desibeli 100. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo upunguzwe kwa nusu. Ukipiga hesabu, kwa desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu. Kumbuka kwamba hata mwenzako anapotumia mashine kando yako, masikio yako pia yanahesabiwa.

Uziwi wa kelele hauumi. Huanza kwa mvumo masikioni unaporudi nyumbani jioni. Baadaye unashindwa kusikia vyema sauti nyembamba za watoto, na jamaa zako wanalalamika kwamba unafungulia redio sana. Chembe za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirejesha. Kinga ni vizibo au vifuniko vya masikio, na ni bei nafuu. Ikikubidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, elewa kuwa wakati wa kuvivaa umepita.

Vidole vinavyokufa ganzi

Madhara ya mtetemo yamejulikana kwa zaidi ya karne moja. Mnamo 1918, daktari Alice Hamilton wa Marekani alichunguza wachongaji mawe wa Bedford, Indiana, waliokuwa wakitumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vikipauka na kufa ganzi wakati wa baridi. Ugonjwa huo unawapata hata watumiaji wa spana za kugonga.

Mishipa midogo ya damu na ile ya fahamu ndiyo inayoumia. Mwanzoni utahisi mchonyoto kwenye ncha za vidole baada ya kazi. Kisha, hasa asubuhi yenye baridi, kidole kimoja au viwili vitapoteza rangi. Kwa mtu mweusi, tazama kucha na upande wa kiganja. Usipochukua hatua, utafika mahali ambapo kufunga kifungo cha shati au kuokota nati ndogo kunakushinda. Kwa fundi, huko ni kupoteza riziki.

Ili kujikinga, usiikamate mashine kwa nguvu kupita kiasi, usiiendeshe mfululizo, pokezaneni kazi, na mikono ikae na joto. Acha sigara, kwani hubana mishipa ya damu. Ukiona dalili, mwone daktari mapema na umweleze kazi unayofanya. Asipojua, huenda akafikiri ni jambo jingine.

Usikaze nati kwa mashine mpaka mwisho

Nati za gari dogo kwa kawaida zinahitaji kukazwa kwa nguvu ya Nyutoni-mita 100 hivi, ingawa kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Mashine hizi nyingi hupita 300 bila wewe kuhisi lolote. Ukiziachilia zigonge, bolti hunyooka na kudhoofika, na siku moja itakatika gari likiwa njiani na abiria ndani. Isitoshe, dereva atakayepata pancha usiku hataweza kufungua nati hizo kwa spana yake ya mkono.

Anza kila nati kwa vidole. Tumia mashine kuzifikisha tu, kwa mpangilio wa msalaba, kisha teremsha gari na umalize kwa spana yenye kipimo. Nawe mwenye gari, dai ufanyiwe hivyo, na nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ajali ikitokea

Mwenzako akinaswa na stima, usimguse. Zima swichi au chomoa plagi kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu na umsukume mbali kwa ubao mkavu. Kama hapumui, itisha msaada na uanze kumkandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hata akizinduka na kusema hana neno, apelekwe hospitalini, kwa sababu moyo unaweza kuvurugika baadaye.

Chuma kikiingia jichoni, usilisugue wala usijaribu kukitoa kwa njiti au ncha ya leso. Lifunike bila kulibonyeza na uende hospitalini mara moja.

Haki yako

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, naye mfanyakazi avitumie. Kanuni za kelele za 2005 zinakataza mfanyakazi kuwekwa kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku. Ipo pia sheria ya 2007 ya fidia kwa walioumia kazini. Lakini katika jua kali, mara nyingi mwajiri na mfanyakazi ni mtu mmoja. Ikiwa huyo ni wewe, miwani, vizibo vya masikio na waya mzima viwe vya kwanza kununuliwa, kabla hata ya mashine yenyewe. Spana ikiharibika utapata nyingine dukani. Sikio na kidole haviuzwi popote, na tahadhari ni kabla ya hatari.