TUSITUPE MBACHAO: MAANA YA KUTUNZA TELEVISHENI ZA KALE

Wako watu katika Uingereza ambao hutafuta televisheni zilizoundwa kabla wao wenyewe hawajazaliwa, televisheni zisizojua rangi yo yote ila nyeusi na nyeupe. Huzinunua, huzifungua, huzisafisha na kuzitengeneza, kisha jioni huketi mbele yake wakazitazama. Mtu mwenye haraka akisikia habari hii hucheka, akasema kuwa huo ni mchezo wa watu walioshiba. Sisi twamwomba asicheke upesi. Jambo hili lina somo kwa kila mfanyakazi ashikaye chombo mkononi, nalo latuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kuliko tunavyodhani.

Kwanza yafaa tukumbuke asili yake. Tarehe 2 Novemba, 1936, BBC ilianza matangazo yake ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London. Mitambo ya namna mbili ilishindanishwa: ule wa Baird, uliochora picha kwa mistari 240, na ule wa Marconi-EMI, uliochora kwa mistari 405. Maana katika televisheni za namna ile picha haitokei yote kwa mara moja. Mwali mwembamba wa elektroni hupiga kioo kwa ndani, ukachora mstari baada ya mstari, na kwa kila sekunde hukamilisha picha 25. Macho yetu hayawezi kuufuata mwendo huo, basi huona picha moja iliyo hai. Mwezi wa Februari, 1937, mtambo wa Baird uliachwa, na mistari 405 ikashika njia.

Chombo hicho hakikuwa cha maskini. Televisheni ya Marconiphone ya mwaka 1936, ambayo mtu aliitazama kwa kioo cha kujitazamia kilichofungwa chini ya kifuniko chake, iliuzwa mnamo pauni 100. Kwa fedha hizo hizo mtu aliweza kununua motokaa ndogo ya Ford. Vita ilipokaribia, matangazo yalifungwa tarehe 1 Septemba, 1939, wala hayakurudi mpaka tarehe 7 Juni, 1946. Mwaka 1950 ilitoka Bush TV22, yenye sanduku la bakelaiti na kioo cha inchi 9, ambayo hata leo wakusanyaji huipenda sana. Elizabeth wa Pili alipovikwa taji mwaka 1953, watu zaidi ya milioni 20 walitazama, na wengi wao walikuwa wamejazana katika nyumba za jirani zao.

Lakini kila chenye mwanzo kina mwisho. Mwaka 1964 Waingereza walianza matangazo ya mistari 625. Mwaka 1967 rangi zikaingia. Na Januari, 1985, mistari 405 ilizimwa kabisa. Tangu siku hiyo televisheni ya kale, hata ikiwa nzima kama ilivyotoka kiwandani, haikuwa na wa kusema nayo kwa lugha yake. Je, mafundi walifanya nini? Hawakulia. Waliunda visanduku vya kutafsiri, ambavyo hupokea picha ya siku hizi, huigeuza kuwa ya mistari 405, na kuirusha ndani ya nyumba kwa masafa ambayo chombo cha kale huyafahamu. Hivyo mtu aweza kutazama habari za leo katika kioo cha mwaka 1950.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kukusanya na kutunza. Kukusanya aweza kila mwenye fedha na chumba kitupu. Kutunza hakuwezekani bila elimu. Chombo kilicholala miaka 50 hakichomekwi tu katika umeme. Kapasita zake za karatasi na nta zimekwisha kupitisha umeme usiotakiwa, na zile nyingine zimekauka. Zikipewa umeme wote kwa ghafula zaweza kupasuka au kuunguza transfoma isiyopatikana tena. Taa zake za kioo, ziitwazo vali, hupimwa moja moja. Chupa ya picha yenyewe ikiisha nguvu ni taabu kubwa, maana viwanda vilivyoitengeneza vimefungwa. Na juu ya yote iko hatari ya mauti. Ndani ya televisheni mna maelfu ya volti, na mara nyingine umeme hubaki katika chupa hata baada ya kuchomoa waya. Katika televisheni nyingi za baada ya vita, fremu ya chuma imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Anayeigusa bila kujua aweza asipate nafasi ya kujuta.

Elimu hii haimo katika chombo. Imo katika vichwa na mikono ya watu. Huko Dulwich, kusini mwa London, Gerald Wells, aliyezaliwa mwaka 1929, aliigeuza nyumba ya kwao kuwa makumbusho ya redio na televisheni mwaka 1974. Alifariki mwaka 2014, akiwa amekusanya vyombo zaidi ya elfu moja. Fahari ya nyumba ile haikuwa hesabu ya vyombo. Ilikuwa kwamba vyombo viliimba na kuonyesha, na mgeni aliweza kuona jinsi kazi ilivyofanywa. Chombo kilichonyamaza ni sanduku. Chombo kinachofanya kazi ni mwalimu.

Wala wakati haungoji. Uingereza hutoza leseni ya televisheni, na mwenye kutazama nyeusi na nyeupe hulipa kidogo. Mwaka 2000 leseni za namna hiyo zilikuwa 212,000. Mwaka 2018 zilibaki 7,000 na ushei. Si wote hao ni wakusanyaji, lakini hesabu hiyo yaonyesha jinsi kitu kilichokuwa katika kila nyumba kiwezavyo kutoweka katika maisha ya mtu mmoja.

Sasa tugeukie kwetu. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963, zote kwa nyeusi na nyeupe. Unguja ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi tangu siku ya kwanza. Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Hata hivyo, matangazo ya rangi yalipangwa ili yaonekane pia katika televisheni zisizo na rangi. Kwa hiyo wengi wa vijijini waliona picha yao ya kwanza katika televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe, iliyokubali betri ya motokaa ya volti 12. Betri ilipelekwa mjini kuchajiwa, na watoto wa mtaa mzima walikaa chini kutazama mpira. Nani atasema hiyo si historia yetu?

Tarehe 31 Desemba, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata. Ndipo likaja neno king'amuzi. Kumbe king'amuzi ni ndugu yake kile kisanduku cha Waingereza: hupokea lugha mpya kikaifasiri kwa chombo cha zamani. Lakini televisheni nyingi hazikungojea kufasiriwa. Ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, zikavunjwa kwa nyundo ili itolewe shaba. Kijana avunjaye chupa ile hajui kuwa haina hewa ndani, na vigae vyake vyaweza kumrukia usoni. Wala hajui kuwa aghalabu kioo kile kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Basi hasara yetu ni mara mbili: chombo kimekwenda, na mfanyakazi ameumia kwa senti chache.

Hatusemi kila nyumba iwe ghala la vikorokoro. Twasema mambo matatu. Mwenye televisheni ya kale iliyo nzima asiivunje wala asiichomeke kwa kubahatisha. Aiweke pakavu, amwite fundi ajuaye. Vyuo vyetu vya ufundi vipate chache za kufundishia, kwa kuwa katika televisheni ya vali mwanafunzi huona kila sehemu kwa macho na huweza kuufuata umeme tangu antena mpaka kiooni. Na la tatu, lililo kubwa: wazee waliotengeneza redio na televisheni katika vibanda vya miji yetu waulizwe wangali hai. Kijana na aketi karibu na mzee, ashike mita, aandike.

Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mbacha wa ukindu huweza kusukwa tena mradi msusi yupo. Akiisha kwenda msusi, hata ukindu mzuri utabaki majani tu.