Sifa ya wingi katika Python: ihifadhiwe au itafutwe?

Katika idara yetu tuliandika programu ndogo ya Python kwa mazoezi ya ngeli. Kila nomino ilikuwa na sifa mbili, umoja na wingi. Siku moja tulibadilisha umoja kutoka kitabu hadi mti, wingi ukabaki vitabu, na karatasi ya zoezi ikachapwa hivyo. Wanafunzi walicheka, sisi tuliona haya.

Kosa lilikuwa kuuhifadhi wingi kama neno lililokwisha andikwa. Tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001, Python ina property, inayowezesha sifa kutafutwa upya kila inapoulizwa. Anayeandika neno.wingi haoni tofauti, ila ndani kuna kanuni inayosoma umoja wa wakati huo na kuunda wingi wake. (Jicho na jino tuliziwekea orodha yake, maana hazitabiriki kwa kanuni.) Tusipoongeza kanuni ya kuandikia, mtu akijaribu kuubadilisha wingi moja kwa moja hukataliwa.

Ipo pia __getattr__, ambayo huitwa pale tu sifa inapokosekana kwa njia ya kawaida. Hii inataka uangalifu. Tuliiagiza irudishe neno tupu kwa sifa yoyote isiyojulikana; mwanafunzi akakosea, akaandika neno.wigni, na programu ikanyamaza kana kwamba nomino ile haina wingi. Alihangaika nayo kipindi kizima. Sasa jina lisilofahamika hutoa kosa la AttributeError, naye huona papo hapo herufi zilizopinduka.