Mtaa wa Starehe Ukiletwa Mlangoni Kwetu

Huko Marekani yako majimbo yaliyotunga sheria za kuruhusu miji, hata ile midogo, kutenga mitaa ya starehe. Ohio ilifanya hivyo mwaka 2015, na Arkansas mwaka 2019. Ndani ya mipaka ya mtaa kama huo mtu hununua bia baani, hutoka nayo mkononi na kutembea barabarani akinywa, jambo ambalo kwa kawaida ni marufuku. Wanaoitetea sheria hiyo husema watalii watakuja, maduka yatauza na mji utapata kodi.

Pengine utasema, hayo yanatuhusu nini sisi? Hebu tutazame Bagamoyo. Ni mji wa watalii: kuna Mji Mkongwe, magofu ya Kaole, misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1868, na tamasha la kila mwaka la chuo cha sanaa, TaSUBa. Dar es Salaam haizidi mwendo wa kilomita sabini hivi, na mwisho wa juma wengi huja ufukweni kujiburudisha. Mji wa namna hiyo ndio hasa huambiwa kwamba pombe ikilegezewa kamba, fedha zitaingia.

Tena wazo la kuitengea pombe mahali pake si geni kwetu. Wakati wa ukoloni serikali ya Tanganyika iliweka vilabu vya pombe mijini, Mwafrika anywe humo chini ya macho ya wakubwa, na ushuru ukusanywe. Mapato yalipatikana kweli. Lakini mke aliyengoja nyumbani hakuhesabiwa katika vitabu vile vya mapato.

Mama anayeishi na mume mnywaji anazijua hesabu nyingine. Anajua tarehe ya mshahara, na anajua kiasi kinachofika nyumbani siku ya tatu. Anajua daftari la shule lililokosekana, na usingizi wa mtoto mchanga unaokatizwa na muziki wa baa ya jirani hadi usiku wa manane. Mithali sura ya 23 inamweleza mlevi vizuri sana. Anayekaa na mlevi huyo hakutajwa pale, ila sisi tunamfahamu. Tusisahau pia kwamba mhudumu wa baa ni binti wa mtu, na mama anayeuza tembo la mnazi mara nyingi anatafuta ada ya shule. Kuwasengenya hakumsaidii yeyote.

Sheria inasemaje?

Tanzania haina sheria ya mitaa ya starehe kama ile ya Marekani. Tunayo Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayotaka kila muuzaji awe na leseni na afuate saa zilizowekwa. Leseni ni za aina nyingi: ya baa, ya hoteli, ya vileo vya kienyeji, hata ya muda mfupi kwa ajili ya shughuli maalumu. Si ya milele. Muda ukiisha huombwa upya. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kuuziwa pombe au kuingizwa baa.

Wako wanaosema sheria za pombe hazifanyi kazi. Mimi sikubali. Pombe za viroba, zilizokuwa zikiuzwa kila kioski, zilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na vile vifuko vikaondoka madukani. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2010, walizuia baa ndani ya mita 300 kutoka shuleni, na baa za kawaida zisifunguliwe kabla ya saa 11 jioni siku za kazi. Kwa hiyo sipingi kila mpaka. Baa zikikusanywa mbali na nyumba za watu na shule, huenda ikawa afadhali kuliko kuwa na moja kila kona. Swali ni moja: mpaka unachorwa karibu na mlango wa nani? Mara nyingi si wa mwenye hoteli.

Kwa kawaida halmashauri ya wilaya inapotaka kutunga sheria ndogo, hutoa kwanza tangazo ili wakazi wenye pingamizi walete. Upo pia mkutano wa kijiji au kitongoji, ambako kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema. Shida ni kwamba tangazo hubandikwa ofisini, mahali ambapo mama hupita akiwa na ndoo kichwani, na mkutano huitishwa saa ya kupika. Mkubaliane katika kikundi chenu nani atapita ofisini kila juma kusoma ubao, na nani atawaangalia watoto siku ya mkutano. Waalikeni na jirani zenu Waislamu, ambao Bagamoyo ndio wengi. Kwa jambo hili hamtahitaji kuwabembeleza. Pingamizi liandikwe kwa karatasi, litajwe jina la mtaa na umbali wa baa kutoka shuleni, na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa.