Nyayo Zetu Ndizo Ramani



Katika mtaa mmoja ninaoutembelea kikazi, watu walingojea kioski cha maji kwa muda mrefu. Siku kilipofunguliwa kila mtu alifurahi. Lakini furaha haikudumu. Kioski kilijengwa kando ya lami, mahali pazuri kwa lori la maji, na kati yake na nyumba za watu kulikuwa na mtaro mkubwa usio na daraja. Akina mama wakawa wanaruka mtaro na mtungi wa lita 20 mgongoni. Mmoja wao, mjamzito, aliteleza akaanguka. Mungu alimsaidia, yeye na mtoto walipona. Hata hivyo ilikuwa aibu yetu sote. Wakati wa kupanga, tuliuliza gari litapita wapi. Hakuna aliyeuliza mama atapita wapi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayepanga mji akiwa ndani ya gari haoni mtaro, jua wala miiba ya mathenge. Anayejua ni yule anayetembea. Basi leo tujifunze jinsi kikundi kinavyoweza kuchora ramani ya watembea kwa miguu. Haihitaji fundi wala pesa nyingi.

Wengine walifanyaje?

Kazi hii si mpya. Mwaka 1854, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika sehemu moja ya London, Uingereza. Daktari John Snow aliweka alama kwenye ramani kila palipokuwa na kifo. Kisha akachora mstari kuzunguka pampu moja ya maji, akionyesha mahali ambapo mtu angetembea umbali sawa kwenda pampu ile au pampu nyingine. Vifo vingi vilikuwa ndani ya mstari huo. Tazama busara yake: hakupima kama ndege anavyoruka, alifuata barabara ambazo mtu mwenye ndoo hupita. Ramani ile ilisaidia watu kuelewa kwamba ugonjwa ulitoka kwenye maji ya pampu ile.

Hapa kwetu Kenya, mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walizunguka vichochoro vyao na vifaa vidogo vya kusoma mahali kwa setilaiti. Kabla ya hapo, ramani zilizokuwa wazi kwa watu wote zilionyesha Kibera kama pahali patupu, na kumbe maelfu ya watu wanaishi pale. Vijana waliandika njia, vyoo, shule na maduka ya dawa. Baadaye wakazi wakaonyesha wenyewe mahali penye usalama na mahali pa kuogopa.

Na sisi Garissa tunaweza. Tufuate hatua hizi.

1. Ombeni ruhusa kwanza. Mkoa wetu umeona mengi. Mtu akionekana amekaa njia panda anahesabu watu na kuandika, atashukiwa. Mwelezeni chifu, wazee wa bulla na polisi kabla ya kuanza. Msiandike jina la mtu yeyote.

2. Choreni chini. Safisheni kiwanja, mchore mto Tana, lami, soko, shule, msikiti, kanisa na zahanati kwa majivu au vijiti. Akina mama wachore yao, wanaume yao, na watoto yao. Halafu zilinganisheni. Mtashangaa! Mwanamume ataonyesha njia ya soko la mifugo. Mama muuza maziwa ataonyesha njia ya sokoni, ya maji na ya kuni. Mtoto ataonyesha tundu la ua ambalo mwalimu halijui.

3. Hesabuni. Chagueni njia panda tatu au nne. Kila moja ikae na watu wawili, wenye mikebe minne: wanawake, wanaume, watoto, mikokoteni. Kila anayepita, tia kijiwe katika mkebe wake. Hata asiyejua kusoma anaiweza kazi hii. Hesabuni dakika 15 asubuhi, dakika 15 mchana na dakika 15 jioni. Wakipita wanawake 30 katika dakika hizo, ni kama 120 kwa saa. Fanyeni siku ya soko na siku ya kawaida, kwa sababu hazifanani.

4. Tembeeni njia yenyewe. Msiamini karatasi peke yake. Andikeni mahali watu wanapokatiza lami, wanapopumzika kivulini, na wanapozunguka kwa sababu ya mathenge au maji machafu. Saa saba mchana mtu huacha njia fupi akafuata kivuli. Jioni msichana huacha njia fupi akafuata mwanga na watu. Mambo haya yote yana sababu, kwa hiyo ulizeni. Kuuliza si ujinga.

5. Fikirini majira. Njia ya kiangazi si njia ya masika. Laga iliyo barabara nzuri mwezi wa Februari inaweza kuua mtu mwezi wa Novemba. Mwisho wa 2023 na tena 2024, mafuriko yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na watu wakavuka kwa mashua. Choreni ramani mbili, ya ukavu na ya mvua.

6. Nakilini kwenye karatasi ya manila. Njia yenye watu wengi iwe na mstari mnene, yenye watu wachache mstari mwembamba. Mahali pa hatari wekeni alama nyekundu. Lakini jihadharini: njia ambayo wasichana hupita peke yao msiibandike ukutani kila mtu aione. Hiyo ijadiliwe na akina mama na wazee wanaoaminika.

Tuipeleke wapi?

Ramani ikibaki kwa nyumba ya katibu, italiwa na mchwa. Katiba ya 2010 na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 zinataka wananchi washirikishwe katika mipango. Kikao cha bajeti kikiitwa kwenye wadi yenu, msiende na malalamiko matupu. Nendeni na ramani na hesabu. Kusema “tunateseka” ni rahisi kusahaulika. Kusema “hapa wanapita watoto hawa wote kila asubuhi, na hakuna tuta wala kivuko” ni vigumu kujibu.

Tena ombeni vitu vinavyowezekana: zege ya kufunika mtaro hatua chache, tuta mbele ya shule, taa moja, miti ya kivuli. Mengine ni yetu wenyewe. Kukata mathenge njiani ni kazi ya Jumamosi moja, kikundi kikitoka na mapanga.

Ule mtaro wa kioski? Wanakikundi walihesabu wapitao, wakachanga, wakanunua mbao nene. Daraja si zuri sana, lakini hakuna anayeruka tena.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Ni njia gani hapa kwetu inayopitwa na watu wengi, na haimo katika mpango wowote?
- Nani huogopa kupita wapi, na saa ngapi?
- Ni kitu gani kimoja tunachoweza kurekebisha kabla ya mvua?